Gemu ya Muppets kwenye Game Boy Color: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapotaja kwamba ninayo kaseti hii, maswali huja yale yale. Wapo wanaouliza kwa sababu waliwapenda Muppets, wale vikaragosi wa televisheni, utotoni, wapo wanaokusanya gemu za zamani, na wapo waliouziwa kaseti na sasa wanatafuta mtu wa kuwaliwaza. Majibu yangu nimeyaweka hapa pamoja. Mengine ni mafupi kwa sababu hakuna la ziada la kusema.

Ni gemu gani hasa tunayoizungumzia?

Jina lake ni Jim Henson's Muppets. Ni ya Game Boy Color, ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, na ilitoka kati ya 1999 na 2000. Iliuzwa na Take-Two Interactive na kutengenezwa na Tarantula Studios, studio ya Uingereza. Ni gemu ya kuruka majukwaa: mhusika unamwona kwa ubavu, anakimbia, anaruka kutoka jukwaa moja hadi jingine, anakwepa maadui, anatafuta vitu, anafika mwisho wa levo. Kama umewahi kushika Mario, umbo lake unalijua tayari.

Usiichanganye na Spy Muppets: License to Croak ya Game Boy Advance, iliyotoka 2003, wala na The Muppets Movie Adventures ya PlayStation Vita ya 2014. Watu hunitumia picha za kasha la moja wakilalamikia nyingine.

Hadithi yake inahusu nini?

Dk. Bunsen Honeydew, yule mwanasayansi mwenye kichwa cha mviringo na miwani isiyo na macho nyuma yake, ametengeneza mashine ya kusafiri katika wakati. Kama kawaida ya vitu vyake, mashine inaleta balaa, na Muppets wanatawanyika katika zama mbalimbali. Kermit yule chura na Animal mpiga ngoma ndio wanaokwenda kuwatafuta.

Kwenye karatasi, wazo hili halina kasoro. Maabara ya Bunsen ilikuwa sehemu ya kudumu ya kipindi cha televisheni: yeye anaeleza uvumbuzi wake kwa sauti ya upole ya mwalimu wa chuo, na msaidizi wake Beaker ndiye anayelipuka, anayepungua ukubwa, anayeota nywele. Kichekesho ni utulivu wa bosi mbele ya mateso ya msaidizi wake. Ukimpa mwandishi mzuri Muppets, mashine mbovu na historia nzima ya dunia, atakuandalia kicheko kila baada ya dakika moja. Hapa zama zimekuwa mandhari tu, pazia la nyuma linalobadilishwa rangi, na mbele yake kazi ni ile ile.

Samahani, mimi si wa kizazi hicho. Muppets ni akina nani?

Usiombe samahani. Ni vikaragosi waliobuniwa na Jim Henson, Mmarekani aliyezaliwa Greenville, Mississippi, mwaka 1936. Mwaka 1955, akiwa bado kijana wa chuo, alipata kipindi chake mwenyewe kwenye kituo kimoja cha televisheni cha Washington. Mwaka huo huo ndipo alipomtengeneza Kermit, kwa kitambaa cha koti kuukuu la mama yake na mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu kwa nusu kuwa macho. Wakati huo Kermit hakuwa hata chura. Uchura ulikuja baadaye.

Umaarufu mkubwa uliletwa na The Muppet Show, iliyorushwa kuanzia 1976 hadi 1981, vipindi 120. Kinachowashangaza wengi ni kwamba haikurekodiwa Marekani. Vituo vikubwa vya kule vilikataa, wakidhani vikaragosi ni vya watoto tu, na aliyefungua mlango ni Lew Grade wa kampuni ya ATV ya Uingereza. Kazi yote ikafanyikia studio za Elstree, karibu na London. Kipindi kinaonyesha ukumbi wa maonyesho unaotaka kuanguka kila wiki: Kermit ndiye meneja anayehangaika nyuma ya jukwaa, Fozzie ni dubu mchekeshaji ambaye vichekesho vyake havichekeshi, Gonzo anajirusha kutoka kwenye mizinga, na Miss Piggy anampenda Kermit kwa nguvu kuliko Kermit anavyoweza kustahimili. Juu kwenye roshani wameketi wazee wawili, Statler na Waldorf, wanaokuja kila wiki kutukana onyesho ambalo hakuna aliyewalazimisha kulitazama. Mtu yeyote aliyewahi kupita mbele ya wazee wanaocheza bao akiwa amevaa suruali mpya anawafahamu wazee hao.

Henson alifariki New York, 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53.

Na kwa mnaouliza kama The XYZ Show ya Kenya, ile ya mchora vibonzo Gado iliyoanza 2009, ni Muppets: hapana. Ni vikaragosi, lakini wale ni sura za wanasiasa kwa mtindo wa kipindi cha Kifaransa cha kejeli. Ukoo ni mwingine.

Si ndio wale wa Sesame Street?

Ndiyo na hapana. Henson na wenzake ndio waliowatengeneza vikaragosi wa Sesame Street, kipindi kilichoanza Novemba 1969, na Kermit mwenyewe alikuwa akionekana huko kama mwandishi wa habari. Lakini Sesame Street ni kipindi cha kufundisha watoto na kina wenyewe wake. Tanzania iliwahi kuwa na toleo lake, Kilimani Sesame. Kwenye gemu hii hutamkuta Elmo wala Big Bird. Wauzaji wa mitandaoni wanaoandika “Sesame Street” kwenye tangazo la kaseti hii wanajitafutia wateja tu.

Kwa nini watu wanasema inasikitisha? Mbona inaonekana kama gemu ya kawaida?

Swali lako limebeba jibu. Inaonekana kama gemu ya kawaida.

Muppet ni mkono wa mtu. Ukimvua Kermit kutoka kwenye mkono, kinabaki kitambaa cha kijani chenye mdomo. Uso wake hauna injini, hauna waya, hauna kitu ndani. Zile hisia zote, kule kukunja uso anapochukizwa, kule kumeza mate anapoaibika, ni vidole vya mchezeshaji vinavyojikunja ndani ya kitambaa. Henson mwenyewe alimchezesha Kermit miaka 35. Wachezeshaji hufanya kazi mikono ikiwa juu ya vichwa vyao, jukwaa likiwa limeinuliwa, huku wakijitazama kwenye televisheni ndogo zilizowekwa chini ili waone kile kamera inachokiona. Ndiyo maana Muppets wengi wanatumia mkono wa kushoto: mkono wa kulia wa mchezeshaji umo kichwani.

Halafu tazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Mara nyingi hamna kitu. Kwa miaka mingi mtazamaji aliwaona Muppets wakiwa nyuma ya meza, nyuma ya ukuta, nyuma ya piano. Miguu ilikuwa anasa. Mwaka 1979, kwenye filamu yao ya kwanza ya sinema, Kermit alionyeshwa mwili mzima akiendesha baiskeli, na watu wazima walitoka ukumbini wakiulizana imewezekanaje. Chura kuendesha baiskeli ilikuwa habari.

Sasa gemu ya kuruka majukwaa ni gemu ya nini? Ya miguu. Kukimbia, kuruka, kutua, kuteleza, kuanguka shimoni. Sanaa yake yote imo kwenye miguu: uzito wa mruko, muda unaokaa hewani, jinsi anavyosimama ukiachia kitufe. Uso hauna kazi. Kwa hiyo watengenezaji walimchukua mhusika ambaye ni uso mtupu na sauti, wakampokonya uso na sauti, wakampa miguu ambayo hakuwahi kuitegemea, kisha wakatuambia tumpende kama zamani.

Kuna jambo la pili, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Muppet hachekeshi peke yake. Kermit anachekesha kwa sababu Fozzie amemjia na wazo la kijinga huku Piggy akimvuta upande wa pili na Gonzo akiuliza kama anaweza kula tairi la gari. Yeye ndiye mtu pekee mwenye akili timamu ndani ya nyumba ya vichaa, na kichekesho ni kumtazama akijaribu kuvumilia. Ukimtenganisha na wenzake ukamwacha peke yake kwenye majukwaa, unabaki na chura mpole anayetembea. Na hadithi ya gemu hii, bila kukusudia, imefanya hivyo hivyo: imewatawanya Muppets wote ndipo ikaanza. Kuwakuta tena ndiyo zawadi yako, na ukishamkuta mmoja, unaendelea na safari.

Lakini si kosa la mashine? Game Boy ilikuwa dhaifu.

Utetezi huu nausikia sana, na una ukweli kiasi. Game Boy Color, iliyotoka 1998, ina kioo chenye nukta 160 kwa 144. Nukta hizo zinaenea ndani ya picha ndogo ya wasifu kwenye simu yako na nafasi inabaki. Inaweza kuonyesha rangi 56 kwa mara moja kutoka katika rangi 32,768 inazozijua. Vitu vinavyotembea hujengwa kwa vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8 au 8 kwa 16, visivyozidi 40 kwenye kioo kizima na visivyozidi 10 kwenye mstari mmoja, na kila kigae kinaruhusiwa rangi tatu tu pamoja na uwazi.

Rangi tatu. Kwa Kermit hiyo ni bahati ya mtende: kijani cha mwili, nyeupe ya macho, nyeusi ya mboni. Sidhani kuna mhusika maarufu aliyekaa sawa zaidi na masharti ya mashine hiyo. Waridi wa mdomo ndio unaokosa nafasi, na hapo tena ni mdomo unaopunjwa.

Halafu kuna tatizo la ukubwa, ambalo kila mtengenezaji wa gemu za mkononi amekutana nalo. Ukimchora mhusika mkubwa ili sura yake itambulike, kioo kinajaa yeye na huoni mbele. Unaruka huku ukiomba Mungu chini kuwe na kitu. Ukimchora mdogo ili uone njia, sura inapotea. Gemu za wahusika mashuhuri karibu zote huchagua ukubwa, maana sura ndiyo iliyolipiwa.

Lakini utetezi huo unaishia hapo. Kwenye mashine hiyo hiyo, na betri zile zile mbili ndogo, kulikuwa na Super Mario Bros. Deluxe mwaka 1999, Wario Land 3 na Rayman mwaka 2000, na baadaye Shantae mwaka 2002, ambayo mhusika wake anacheza dansi kiasi kwamba unasahau unatazama vigae. Wario Land 3 hasa ingefaa kuwafunza. Wario hafi kirahisi: akichomwa moto anakimbia akiwaka, akipondwa anakuwa bapa kama chapati na kuelea hewani, na balaa hilo ndilo linalomfungulia njia. Tafakari, mhusika ambaye mateso yake ndiyo kichekesho na ndiyo ufunguo. Huyo si Beaker mtupu? Gemu ya Muppets niliyoitamani ilikuwepo tayari, na ndani yake kulikuwa na Wario.

Na Animal? Angalau yeye anafaa kuruka-ruka.

Anafaa. Animal ni mpiga ngoma wa bendi ya Dr. Teeth and the Electric Mayhem, mwekundu, manyoya matupu, mnyororo shingoni, msamiati wa maneno matano. Mchezeshaji wake alikuwa Frank Oz, yule yule wa Miss Piggy na Fozzie, ila ngoma zenyewe zilipigwa na Mwingereza Ronnie Verrell. Yuko Animal akishindana na Buddy Rich, mmoja wa wapiga ngoma wakubwa wa jazi, na ukiifahamu siri ya Verrell unaitazama kwa jicho jingine kabisa.

Game Boy ina njia nne za sauti, na mojawapo ni ya kelele tupu, ile shhh inayotumika kutengenezea ngoma na milipuko. Yaani ndani ya mashine mlikuwa na njia nzima ya sauti iliyozaliwa kwa ajili ya Animal. Ningempa kila hatua mdundo, kila mruko tumba. Kwenye gemu hii yeye ni mkimbiaji mwingine, mwenye rangi tofauti na Kermit.

Hao Tarantula Studios walikuwa hawajui kazi?

Hapana, na hapa naomba tuwe waungwana. Studio hiyo ya mji wa Lincoln, Uingereza, iliyokuwa mali ya Take-Two, ndiyo iliyofanikiwa kuisukuma Grand Theft Auto yote ndani ya Game Boy Color mwaka 1999, mji mzima na magari yake, kwenye kaseti ndogo. Si mzaha. Baadaye studio ikabadilishwa jina ikawa Rockstar Lincoln na kujikita katika ukaguzi wa gemu na tafsiri. Watu waliojua kubana mji ndani ya kaseti walijua kubana chura.

Kosa ninaloliona mimi limo kwenye agizo kabla ya kufika kwenye vidole vyao. Gemu za mkononi zenye jina la filamu au kipindi zilikuwa na mtindo wake miaka ile: kampuni inakodi jina, inaipa studio ndogo muda mfupi, na aina ya gemu inachaguliwa kwa mazoea kabla mtu hajajiuliza mhusika ni nani. Mazoea yalikuwa kuruka majukwaa. Papa, mwanasesere, jasusi, chura, wote waliruka. Mzazi dukani analiona kasha lenye sura anayoipenda, anatoa fedha, na mtoto anafungua nyumbani. Hakuna kwenye mnyororo huo aliyelazimika kucheka.

Ipo kwa Kiswahili?

Haipo.

Nina kaseti. Nitaichezea wapi leo?

Game Boy Color yenyewe, au Game Boy Advance, au Advance SP. Game Boy Micro na Nintendo DS hazipokei kaseti hizi, hata ukizisukuma kwa nguvu, na usizisukume. Kwa Game Boy ya zamani ya kijivu, angalia rangi ya kaseti: nyeusi huwaka kwenye mashine zote mbili, ile ya plastiki angavu unayoiona hadi ndani ni ya Color peke yake.

Kioo cha Color hakina taa. Uzuri wa kwetu ni jua: kaa barazani saa nne asubuhi, geuza mgongo kidogo, utaona rangi ambazo mtu wa Ulaya hazioni mpaka Julai. Usiku itabidi SP, ambayo ina taa.

Kaseti haiwaki, inaonyesha mraba mweusi.

Acha kupuliza. Sote tulipuliza, na mate ndiyo yanayoozesha zile pini za shaba. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti ya dawa, isugue taratibu kwenye pini, acha ikauke dakika kumi. Rudia mpaka pamba itoke safi. Kaseti yangu ilitoa uchafu wa rangi ya chai ya rangi kwa pamba sita.

Nitajuaje si feki?

Tazama lebo kwa mwanga wa pembeni: kaseti halisi huwa na namba ndogo iliyogandamizwa kwenye karatasi, inaonekana kama alama ya ukucha. Skrubu ya nyuma si ya bisibisi ya kawaida. Herufi za nembo zisiwe zimevimba au kufifia. Hata hivyo, sijui nani angehangaika kughushi hii. Feki nyingi nilizokutana nazo ni za Pokémon.

Naweza kuipakua tu?

Kucheza gemu za zamani kwa programu ya kuigiza mashine kwenye simu ni jambo la kawaida, lakini faili la gemu bado lina mwenyewe na haki zake hazijaisha. Sitoi viungo. Msiniandikie.

Kwa nini haijawahi kurudishwa kwenye mashine mpya?

Ufuate umiliki uone kizunguzungu. Mwaka 2000, gemu ikiwa bado mpya, kampuni ya Kijerumani EM.TV iliinunua kampuni yote ya Jim Henson kwa dola milioni 680. Mwaka huo huo vikaragosi wa Sesame Street wakahamia kwa wenye Sesame Street. EM.TV ikayumba, na mwaka 2003 watoto wa Henson wakainunua tena kampuni ya baba yao. Mwaka uliofuata wakawauzia Disney Muppets. Kwa hiyo Kermit yuko kwa Disney, ilhali gemu ilitengenezwa chini ya mkataba wa kampuni nyingine na mchapishaji mwingine. Kuirudisha kungehitaji wanasheria kukaa meza moja, na wanasheria hulipwa kwa saa. Nani angelipia saa hizo kwa gemu hii?

Kuna gemu yoyote ya Muppets iliyo nzuri?

Ipo, na ni ya mwaka huo huo. Muppet Monster Adventure ya PlayStation ya kwanza, kazi ya Magenta Software, 2000. Nayo ni ya kuruka majukwaa, kwa hiyo nadharia yangu ya miguu inayumba hapa, nakubali. Ila walioitengeneza walifanya jambo la akili: wakamchagua Robin, mpwa wa Kermit, kijichura ambaye hakuwa na mzigo wa umaarufu mabegani, wakawageuza Muppets wakubwa kuwa majini anaopambana nao. Hivyo unamkuta Muppet uso kwa uso, anaongea, ana jambo lake. Wahusika wamerudishwa kuwa watu wa kukutana nao.

Muppet RaceMania, pia ya 2000 na ya PlayStation, ni mbio za magari. Inachekesha kwa muda. Ile ya PlayStation Vita ya 2014, iliyotengenezwa na Virtual Toys wa Madrid, ilikuwa na kioo kizuri kupindukia, nguvu tele, na bado ikarudi kwenye kuruka. Utetezi wa mashine dhaifu ulizikwa siku hiyo.

Mwanangu ana miaka saba, anawapenda Muppets. Nimnunulie?

Usinunue kwa bei ya wakusanyaji. Kama unayo tayari, mpe, lakini mwonyeshe kipindi kwanza.

Nilimpa mpwa wangu wa umri huo. Alicheza robo saa hivi kwa adabu, kwa sababu ni ya mjomba. Alikuwa ameshaona vipande kadhaa vya kipindi kwenye simu ya mama yake. Akaniuliza, “Mjomba, huyu Kermit mbona haongei?” Nikamwambia kwenye gemu hii haongei sana. Akaniuliza tena kama anaumwa. Kisha akairudisha mashine mezani, taratibu, kama mtu anayeondoka chumba cha mgonjwa, na jioni nzima soksi yangu moja ilikuwa ikizungumza na kila mtu aliyepita sebuleni, ikimwagiza shangazi yake chai, ikibishana na nyanya yake kuhusu kulala. Soksi ile haikuwa na miguu.

Kwa hiyo haina hata jambo moja zuri?

Inalo. Kermit anatambulika. Kwa vigae vichache na rangi tatu ukimwona unajua ni yeye, na mchoraji aliyefanya hivyo, yeyote yule, alimtazama kwa makini. Kuna nyakati anasimama ukiwa umeachia vitufe, na kwa sekunde moja unadhani anataka kusema kitu.

Unaiuza?

Hapana. Nimeulizwa mara nyingi kuliko mnavyodhani, na mtu mmoja alipanda dau mpaka nikaona haya. Kasha sina, kijitabu sina, lebo imechanika kona. Ila mpwa wangu ameahidi kwamba akikua atatengeneza ya pili, na amesema atahitaji hii ya kwanza “ili ajue pa kurekebisha.” Soksi ndiyo iliyonieleza mpango huo.